Sikumwachia Mkono

Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Naanzia hapo, kwa sababu hapo ndipo wao wanapopasimulia kwa uongo.

Jua lilikuwa linawaka. Juu yetu hapakuwa na wingu hata la dawa. Maji yalikuwa yashatufika kifuani, rangi yake kama chai ya maziwa, na yamebeba kila kitu: magogo, mapipa, milango ya mabanda, mbuzi mzima yu hai anapiga kelele. Mie nimeukumbatia mti wa ghafu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nimemshika mdogo wangu pale penye bangili zake. Miguu yake ilishanyanyuka chini, analala juu ya maji kama nguo iliyoanikwa kwenye upepo. Akaniambia kwa sauti yake ile ile ya siku zote, kama kwamba namvusha barabara, "Dada, nishike vizuri."

Nikamwambia, "Nimekushika."

Na nilikuwa nimemshika. Shina la mtende ndilo lililokuja likapita katikati yetu. Nililisikia bega langu likitoka, mlio ule ule wa paja la kuku ukilivunja. Mkono ukafa pale pale. Mkono uliokufa haufumbi wala haufumbui, unaning'inia tu. Alipochukuliwa na maji pamoja na bangili zake, moja ilibaki imekwama kwenye vidole vyangu. Ninayo mpaka leo. Imepinda, haivaliki.

Sasa nirudi nyuma, maana watu wanaipenda hadithi hii ianze na maji na iishie na maji, na katikati waseme "ndiyo kadari" wanyamaze. Maji yalikuja mwisho. Kabla ya maji palikuwa na watu, na watu hao nitawataja. Majina yao siyaandiki, lakini wenyewe wanajijua, na kila anayetujua huku Omani, Ibra na Nizwa, atajua ni nani.

Mie sikusoma. Tulikuja kutoka Unguja mie mtoto, Kiarabu sikijui, nikatiwa darasani na watoto wadogo kuliko mie wanaonicheka. Kabla sijazoea, mama akaugua, na mdogo wangu ni kitoto kichanga. Nikatolewa skuli nikawa mie ndiye mama. Nilimuogesha, nilimlisha, nilimfunza kwenda. Yeye akasoma hadi akawa mwalimu, tena mwalimu anayeogopwa, huko Nizwa alikoolewa. Mie niliolewa hapa Ibra na mtu wa hapa hapa, baba na babu. Alikuwa mkali wa maneno, mpole wa mkono, na ameshatangulia mbele ya haki. Tangu hapo naishi kwa sindano. Nashona kofia, zile zetu za vitobwe vidogo vidogo, kila kitobwe unakizungushia uzi mpaka macho yanatoka maji. Mdogo wangu hakujua kushona hata kifungo. Kwa hiyo kofia za mumewe zote nilimshonea mie, na watu wakazisifu kwa jina la mkewe, nasi tukachekeana pembeni.

Naandika Kiswahili kwa sababu uongo wenyewe ulisemwa kwa Kiswahili, nyumbani, baina ya watu wetu.

Safari ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Yeye ni bwana mkubwa wa ofisi huko Nizwa. Kwao pia ni Unguja, lakini kakulia Maskati, na tangu nimjue ana donda moja haliponi: hataki kuitwa Mzinjibari, yaani mtu wa kuja kutoka Unguja. Joho lake lazima liwe la kwanza kwa weupe, jambia lake la fedha nzito, na akikutana na mtu wa Sharqiya, mkoa wetu huu wa mashariki, hujikaza akasema kama wao, koo lote linafanya kazi. Mdogo wangu alikuwa akimtania. "Leo umemeza mfupa, mume wangu?" Na yeye hucheka, lakini si sana.

Baada ya sikukuu akaja na shauri. Twende tukapige mahema nje ya Al Qabil, kule mabonde yanakoishia na mchanga unakoanzia, kwenye ghala kongwe la ngozi. Watoto wakaone alipofanya kazi babu yao.

Babu huyo ni wetu sisi, si wake. Ni babu yangu mie na mdogo wangu. Kabla hajavuka kwenda Unguja alikuwa mnunuzi wa ngozi pale. Mama alikuwa akitusimulia. Mabedui walitoka mchangani na ngamia zao wamepakia ngozi za mbuzi, za paa, za mbweha, na zamani zaidi za choroa, na hapo hupewa tende, kahawa, mchele, nguo na baruti. Babu alikuwa hapimi kwa macho. Alipitisha kiganja kwenye manyoya kinyume na yanavyolala, kisha akanusa kiganja, akasema bei. Bedui akikubali walikunywa kahawa, asipokubali walikunywa kahawa vile vile. Mama alipenda sana kulisema hilo la kahawa.

Basi shemeji akakodi mahema kwa mtu mmoja anayejiita mtaalamu wa kambi za urathi. Naye namtaja. Mtu huyo alishafika kabla yetu akatupigia mahema chini kabisa, ndani ya bonde, kwenye changarawe nyeupe laini, chini ya mighafu. Akachomeka na vibendera vyake. Nilishuka garini nikatazama ile changarawe. Changarawe haijioshi yenyewe.

Nikasema, "Shemeji, hapa ni njia ya maji."

"Njia ya maji ya mwaka gani, shemeji yangu? Tazama mbingu."

"Mbingu ya hapa siyo inayonyesha hapa. Mvua inapiga majabalini huko nyuma ya Ibra, maji yanatelemka huku."

Akamgeukia kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa naye garini, akasema kwa ile sauti ya ukumbini, "Bi Hali ya Hewa huyo. Mtafutieni kipaza sauti." Wote wakacheka. Kaka akacheka. Mdogo wangu naye akacheka, kisha akanibana kiuno, akaninong'oneza, "Muache, dada. Kapanga hii safari mwezi mzima. Usiku mmoja tu, kesho jioni tuko nyumbani."

Mie sikucheka. Lakini nilibeba sufuria nikashuka nazo, na nini kingine mwanamke wa miaka hamsini na kitu afanye, alale barabarani peke yake?

Tukapanda kwenda kulitazama ghala. Liko juu ya kilima kidogo, kingoni mwa bonde, nyumba ya udongo na mawe, madirisha membamba ya kutolea bunduki. Ndani boriti zina kulabu za chuma mpaka leo, safu kwa safu, na wameangika ngozi mbili tatu za mbuzi na moja ya mbweha iliyoliwa na nondo. Kuna na kiriba cha maji kilichokauka kikawa kama ubao. Harufu haijatoka ukutani. Chumvi, maganda ya komamanga waliyokuwa wakitilia ngozi, na mnyama. Mdogo wangu aliweka kiganja kwenye ile ngozi ya mbweha akakipitisha kinyume na manyoya, akanusa. Binti zake wakapiga ukelele, "Mama, khalas, uchafu!" Wana miaka kumi na kitu na ishirini hawa, na simu mikononi. Yeye akawaambia, "Huyu babu yenu ndivyo alivyotulisha." Akaniletea kiganja puani. "Nusa, dada. Unasema bei gani?"

"Nasema umrudishie mwenyewe," nikamjibu. Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Hapo mlinzi wa ghala akatoka kwenye kijumba chake cha pembeni. Mtu wa makamo, bedui wa pale pale, kilemba kimefungwa ovyo, simu mbovu imefungwa kwa ukanda wa mpira. Nyuma yake mlangoni mkewe, na barakoa yake usoni, keshashika dalla, birika la kahawa. Shemeji akajikunjua. Hii ndiyo saa aliyokuwa akiisubiri. Akanyoosha mkono, akasalimu, akauliza kama wanavyouliza wao:

"Shi ulum? Shi akhbar?" Kuna jambo? Kuna habari?

"Ma shi ulum. Kheri," yule akajibu. Hakuna jambo, ni kheri.

"Na huko kwenu?"

"Wa la shi. Kheri."

Shemeji akatugeukia macho yanang'aa, mfano wa mtu aliyefaulu mtihani. Kisha akasema asante, tuna kazi, mbuzi anangoja kuchinjwa. Akateremka zake. Mlinzi akabaki kanyoosha mkono kuelekea mkeka uliokwisha tandikwa, tende zimefunuliwa.

Sasa hili ndilo ninalotaka mtu asiyekaa na watu hawa alielewe, maana roho ya mtu ilipotea hapa. "Hakuna jambo" siyo habari. Ni mlango tu. Watu wa Sharqiya wanalisema hata kama nyumba yao imeungua jana. Unaulizwa, unajibu kheri, unakaribishwa, unakaa, unakula tende, kikombe kinazunguka, na kikombe kikishazunguka ndipo mtu anakohoa anasema, "Basi ulum ni kwamba…" Hapo ndipo unaposikia nani kafa, kisima gani kimekauka, mvua imepiga wapi. Marehemu mume wangu alinifunza nikiwa mwari: mgeni asiyekaa ni mtu aliyekataa kuambiwa. Shemeji alijifunza maneno yote ya mlangoni, akadhani ndiyo nyumba.

Nilimkimbilia. "Shemeji, rudi ukae. Kikombe kimoja tu. Huwezi kumwacha mtu na mkeka."

"Kahawa kesho, inshallah. Mie ninawajua hawa zaidi yako, nafanya nao kazi."

"Unafanya nao kazi. Mie nilizaa nao."

Kaka akaingilia, "Haya basi, haya, msituharibie sikukuu."

Sisi wanawake tulirudi tukakaa. Tukanywa. Siku hiyo kweli hapakuwa na habari, isipokuwa ngamia mmoja kazaa na bei ya majani imepanda. Mkewe mlinzi akaniuliza kazi yangu, nikamwonyesha kofia niliyokuwa nayo mkobani, ya shemeji huyo huyo, imefika nusu. Akaigeuza geuza akasema macho yangu yatakufa. Tukaagana vizuri.

Usiku tulilala salama. Siwezi kusema vingine. Palikuwa pazuri hata mie nilisahau.

Kesho yake ni Ijumaa. Wanaume wakaenda kusali mjini wakarudi, nyama ikatolewa shimoni, tukala. Nilikuwa nasugua sufuria kwa mchanga nilipomwona yule mlinzi anateremka kilima. Anakuja mbio mbio, kanzu kaikunja kiunoni, na mkononi kashika dalla. Mnaona? Alikuwa na haraka lakini dalla hakuiacha. Alikuwa analeta kahawa chini kwa mtu aliyekataa kupanda kuinywa.

Shemeji na kaka walikuwa wamesimama karibu na shimo la nyama. Mie niko mbali, upande wa wanawake, sauti haifiki. Nikaona wanapeana mikono. Nikaona mlinzi anachutama kuiweka dalla chini, na shemeji hachutami. Kasimama. Yule naye akainuka. Akasema akiwa amesimama, na mkono wake ukanyooka kwenye majabali, ukateremka polepole ukaja ukafika pale tulipo. Shemeji akapakua sahani ya nyama akampa. Yule akaitazama ile sahani. Akasema tena. Kisha akaondoka na sahani yake, dalla akaisahau pale chini.

Alipopita shemeji nikamuuliza, "Kasemaje yule bwana?"

"Nyama. Anataka nyama. Nimempa."

"Na mkono ule wa majabalini?"

"Shemeji, kula, pumzika. Leo Ijumaa."

Haukupita muda nikasikia gari lake linawashwa. Gari jipya, la rangi ya lulu. Analipandisha kilimani, taratibu, mpaka kwenye ukuta wa ghala. Nikapaza sauti, "Kulikoni unalihamisha?"

"Linaungua na jua. Nalitafutia kivuli."

Kivuli! Mighafu yote iko bondeni. Juu pale kwenye ghala, saa zile, jua linaupiga ukuta ule usoni, hauna kivuli cha kufunika paka. Nililiona hilo kwa macho yangu haya, nikashangaa, na sikuunganisha. Wanaoniuliza leo kwa nini sikuunganisha, wajibu wao kwanza: nani anayemfikiria mume wa ndugu yake hivyo?

Kisha akateremka kwa miguu akawaita binti zake. "Njooni tukapige picha ghalani, mwangaza mzuri." Kaka naye akainuka, na kaka yangu hapendi picha, ana miaka hajapiga. Shemeji akamwambia mkewe, "Na wewe huji?"

Mdogo wangu kalala hemani, kavua viatu. "Magoti yangu leo hayataki kilima. Nendeni, nakaa na dada."

Hakumwita mara ya pili.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Sisemi alitaka afe. Hilo silisemi, na Mungu ananiona. Nasema aliona haya. Jana yake kaniita Bi Hali ya Hewa mbele ya watu, leo aje aseme, "Fungeni virago, shemeji alisema kweli"? Hakuweza kulimeza. Akapiga hesabu ya watu wa aina yake: pengine maji hayatafika, pengine yatafika kidogo, na kama hayakufika hakuna atakayejua. Lakini gari akalihamisha. Watoto akawahamisha. Roho yake akaihamisha. Sie tukabaki na sufuria.

Tulikuwa tunapiga soga, mie na yeye, hema limefunguliwa. Ananisimulia mwanafunzi wake mmoja anayelala darasani macho wazi. Honi ya gari ikaanza kulia juu kilimani. Inalia, inalia. Mdogo wangu akacheka, "Ana haraka ya picha huyo, magoti yangu hayajui." Nami nikacheka. Ndivyo tulivyokuwa: watu wawili tunacheka, na yule juu anabonyeza honi, kwa sababu maneno aliyokuwa nayo tangu adhuhuri hakuyasema kwa kinywa.

Kisha nikasikia malori. Nilidhani malori. Nikachungulia nje, nikaona bonde lote linakuja limesimama.

Yaliyobaki nimeshayasema.

Walimpata kesho yake, watu wa mashamba ya mitende huko chini, wakamfunika kwa heshima, Mungu awalipe. Mimi nilikuwa hospitali bega limefungwa. Wakanipeleka Nizwa kwenye tanga la nyumbani kwake, nikakaa na wanawake. Siku ya mwisho ya tanga akaja mgeni na barakoa yake, ametoka mbali. Mkewe mlinzi. Akakaa, akala tende, akanywa kikombe chake akakitikisa. Hakuna mtu aliyemjua ila mimi. Kisha akaniinamia akasema, kwa Kiarabu chao, polepole ili nielewe:

"Dada yangu, roho ya mume wangu hailali. Alimwambia mume wa marehemu. Ndugu wa mume wangu alimpigia simu kutoka majabalini, kwamba bonde linakuja na ni kubwa. Alishuka akamwambia wamesimama, hata kahawa hawajanywa. Kwetu mtu akikwambia habari kabla ya kahawa, ni moto huo. Akampa nyama. Mume wangu akamwambia tena: watoe wanawake. Shemeji yako akajibu, sawa, tutawatoa."

Tutawatoa.

Niliinuka na bega langu lililofungwa nikaenda upande wa wanaume, nikasimama mlangoni, jambo ambalo halifanywi. Nikamwita kaka yangu. Kaka ambaye nilimfulia, nilimpikia, nikamtafutia mke. Akaja ukumbini na kikombe cha kahawa mkononi.

"Ulikuwepo," nikamwambia. "Yule bwana alisema nini?"

"Sikusikia vizuri."

"Ulipanda kilimani kupiga picha, kaka. Wewe, picha! Ulisikia nini?"

Akakitazama kikombe. Kisha akakitikisa, kulia na kushoto, kama unavyomtikisia mhudumu kwamba imetosha, usitie tena. Alinitikisia mie. Akarudi ndani.

Huyo wa pili, nimemtaja.

Wazee walinikalia kikao. Shangazi yangu, Mungu amuweke, akanishika kidevu. "Mwanangu, ilikuwa siku yake. Ukisema sana unamkosoa Mungu."

"Shangazi, kadari naiamini, ni nguzo. Mungu alimchukua, hilo sina neno nalo. Lakini Mungu hakumwambia mtu adanganye kwamba bedui kataka nyama."

"Familia, mwanangu. Ana cheo. Wasichana hawajaolewa."

"Wasichana hao ndio ninaowasemea."

Na hapa ndipo penye roho yangu, siyo kwingine. Yule mwenye kambi keshakunja mahema yake kayapiga kwingine, siku yake itafika. Kaka yangu nimemwachia kikombe chake. Lakini shemeji hakutosheka na kunyamaza. Watu walipoanza kuuliza ilikuwaje yeye juu na mkewe chini, alisema neno moja, tena kwa huzuni, kwa upole, barazani kwake: "Dada yake ndiye aliyekuwa kamshika." Basi. Hakuongeza kitu. Neno hilo likatembea lenyewe. Nikiingia harusini wanawake wananipisha, wananitazama mkono.

Wanangu wale wawili, maana kwetu mtoto wa mdogo wako ni mwanao, wakaacha kuja. Kila Alhamisi walikuwa wakilala kwangu. Nikapiga simu, haipokelewi. Mwisho akapokea yule mdogo, na Kiswahili chake kile cha kuokoteza ambacho mama yake alikuwa akikisahihisha kila siku. Akaniuliza analia:

"Mama mkubwa, kwa nini uliacha mkono ya mama?"

Akakata simu. Nimekaa na swali hilo miezi, mie na bega linaloniamsha kila nikijigeuza, ndipo nikasema nitaandika. Wakisoma wasisome, yawepo.

Wiki iliyopita dereva wake alikuja mlangoni kwangu. Shemeji anasalimu sana, anauliza kama ile kofia imekwisha. Anaitaka iwe kumbukumbu ya marehemu.

Kofia ninayo. Mkoba ulipatikana umenasa mtini. Niliifua matope yakatoka, isipokuwa kwenye vitobwe. Kila kitobwe kina punje yake ya mchanga. Upande mmoja umekwisha, upande wa pili hauna hata kitobwe, maana mkono wangu wa kulia haunyanyui sindano zaidi ya dakika chache. Haitakwisha. Na kwa dereva haiendi.

Shemeji, wewe unasoma Kiswahili, hata ukijifanya hukijui. Njoo uichukue mwenyewe. Njoo Ibra, mchana, na wanao wote wawili, na kaka yangu aje na kikombe chake. Mkeka nitatandika, tende nitaweka, kahawa nitapika mie. Safari hii utakaa. Utakula tende, utakunywa, na kikombe kikishazunguka nitakuuliza shi ulum, na usiniambie kheri. Utawaambia hawa watoto, kwa kinywa chako, yule bwana alikuambia nini ulipomtilia nyama sahanini. Utawaambia kwa nini gari lilipanda. Kisha nitaiweka bangili ya mama yao kwenye mkeka, watazame ilivyopinda, waseme wao wenyewe kama huo ni mkono ulioachia.

Ulisema "tutawatoa". Uliwatoa nani?

Jibu.